Gogo Alilokalia Tai

Enzi wanyama wote wakiwa na baraza moja, sheria ilikuwa kwamba ushahidi ni wa macho tu. Hakimu alikuwa Tai, naye alikalia gogo. Siku moja Fuko, asiyeona kitu, akasimama.

"Mheshimiwa, humu barazani mna chatu."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Nasikia pumzi zake kwenye nyayo zangu."

Tai akacheka. "Mimi naona panzi kutoka mawinguni, na hapa sioni chatu. Futa kauli yako, la sivyo toka!"

Fuko hakurudi nyuma. "Natoka, ila kauli sifuti hata mkinichuna ngozi. Pumzi zinatoka hapo ulipokalia. Hebu inama utazame!"

"Hakimu ainamishwe na kipofu?"

Fuko hakuona kilichofuata. Alisikia tu gogo likijikunja.