Marashi ya Cheupe

Kabla ya kuingia chumbani kwa mama yake, Cheusi alijipulizia marashi ya mdogo wake, akakohoa kutoa uzito kooni, kisha akasukuma mlango na kuita kwa sauti nyembamba isiyo yake.

"Mamii! Kumekucha, kweupe pee!"

"Cheupe wangu," mama akajibu, akinyoosha mikono asikokuona. Presha ya macho ilianza na jicho la kulia mwaka jana, ikamalizia na la kushoto. Sasa na mwili nao ulikuwa unamkimbia.

Huu ulikuwa mwezi wa pili wa uongo, na Cheusi hakuuanza kwa ubaya. Mama alipoangukia kitandani alikataa kula. Siku tatu! Kila kijiko kikifika mdomoni anageuza uso: "Niitieni Cheupe wangu." Cheupe alikuwa mji mwingine kwa mumewe, na siku akibahatika kupokea simu jibu lilikuwa lile lile: "Dada, nakuja wiki ijayo." Wiki ijayo gani hiyo isiyofika, jamani? Siku ya nne Cheusi akakumbuka chupa ya marashi ambayo mdogo wake aliisahau kabatini. Akajipulizia, akabana sauti, akaingia. Mama akamaliza bakuli zima la supu na kuomba jingine.

Majina hayo aliyatoa mama mwenyewe. Mtoto wa kwanza alipozaliwa alimkagua masikio, maana rangi ya kweli ya kichanga iko huko, akamrudishia mkunga. "Huyu atakuwa mweusi tititi," alisema. Wa pili akatoka mweupe pee, na mama akalia kwa furaha. Tangu hapo kila chema duniani kilikuwa cheupe. Mtu mwema ana moyo mweupe. Ndoto nzuri ni ya nguo nyeupe. Kweli isemwe peupe. Sikukuu ikifika gauni jeupe ni la Cheupe, Cheusi anapewa la kahawia, "lisiloonyesha uchafu."

Marehemu baba peke yake ndiye aliyewahi kumtetea, tena kwa mzaha. Siku Cheupe alipoleta ripoti ya shule yenye sufuri tatu, baba aliisoma yote kisha akasema, "Mke wangu, huyu kweli ni mweupe. Mpaka kichwani." Mama alimnunia wiki nzima.

Na kazi aliyoipata Cheusi ukubwani ni ipi? Kung'arisha vyeupe! Miaka ishirini na sita amefua shuka za hospitali, mpaka dawa ikamla ngozi ya vidole. Ndiyo maana sasa alijipaka mafuta mengi kabla ya kumgusa mama. Kitanda alikitandika kama alivyofundishwa kazini: kona ya shuka inakunjwa pembetatu, inachomekwa chini ya godoro, inavutwa mpaka inakaza. Mkono ulishazoea, hata hakujiona akifanya. Kila asubuhi mama aliipapasa ile kona kwa kidole, polepole, kisha akafungua mdomo apewe chai.

Jambo moja lilimuuma Cheusi kuliko usingizi aliokosa na mgongo uliopinda. Katika siku zote hizo mama hakuuliza hata mara moja, "Dada yako yuko wapi?" Hata kwa kumsema vibaya. Kama vile hakuwahi kumzaa.

Kisha daktari akaja, akampima mama, akamwita Cheusi pembeni na kumwambia zimebaki siku za kuhesabu. Cheusi akapiga simu.

"Dada," Cheupe akasema, "nitakuja kwenye mazishi. Siwezi kuja mara mbili."

Cheusi hakumtukana. Hakuwa na haja ya nyumba wala vyombo, Cheupe na mumewe wachukue. Alitaka radhi tu. Mama akiondoka bila kumpa, angeipata kwa nani tena? Kesho yake asubuhi akajipulizia marashi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mamii, nina ombi. Radhi zako usinipe peke yangu. Na Cheusi naye umpe." Hapo sauti ikamponyoka, ile nzito ikachungulia. "Hata kidogo, Mamii."

Kidole cha mama kikaenda kwenye kona ya shuka, kikafuata ule mkunjo mpaka mwisho.

"Nani ametandika hapa?"

"Mimi, Mamii."

"Cheupe hajatandika kitanda tangu azaliwe." Mama akamshika mkono, akapapasa vile vidole vilivyochanika, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. "Nilijua ni wewe tangu lile bakuli la kwanza."

Kumbe! Miezi miwili mama amekula kwa mkono huu, amelala juu ya bega hili, akijua ni la nani! Cheusi akapiga magoti sakafuni, machozi yakimchuruzika, akaulaza uso wake juu ya mkono wa mama.

"Mama," akaita kwa sauti yake mwenyewe.

Mama akauvuta mkono wake taratibu, akageukia ukutani.

"Usiniharibie," akasema. "Ongeza marashi, halafu niite Mamii."