Sura Isiyo na Wimbo

Siku hizi riwaya ikishageuzwa mchezo wa kuimba jukwaani, maandishi yake hayatokei mpaka uyaimbe. Mama, mwalimu mstaafu ambaye sasa yuko kitandani, alitaka nimsomee sura ya kumi na mbili ya riwaya aliyokuwa akiifundisha, pale Mashavu anapomtelekeza mwanawe stendi. Niliimba vibwagizo vyote ninavyovijua hadi koo likakauka. Ukurasa ukabaki mtupu.

"Sura hii hawakuitungia wimbo," nikamwambia kwa hasira.

"Weka kitabu chini. Naikumbuka neno kwa neno."

Akafumba macho, vidole vikaanza kugongagonga kitanda, akaimba jinsi Mashavu alivyorudi mbio kumkumbatia mtoto.

"Hakurudi, mama. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba hakurudi."

"Alirudi, mwanangu," alisema, vidole bado vikigonga. "Kibwagizo cha mwisho cha mchezo kinasema alirudi."