Kidole cha Mnunuzi

Likiwa limewashwa, lori kuukuu la shangazi lilitetemeka kama mgonjwa wa homa pale lilipoegeshwa, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha leta mnyororo wa kulivuta.

"Injini imekufa, mama. Tia saini hati ya mauzo."

Shangazi akashika kalamu. Mpwa wake, fundi asiyeishiwa maneno, alikuwa ameinamia injini, akiufuata kwa sikio mluzi mwembamba wa hewa hadi kwenye bomba la mpira lililopasuka.

"Bosi, wewe mwenye vidole vya maana, hebu ziba hapa."

Mnunuzi akaziba. Lori likatulia, likanguruma kwa adabu.

"Achia."

Likatetemeka.

"Ziba tena."

Likatulia.

"Hongera, daktari! Maiti kafufukia mkononi mwako."

Shangazi akafunika kalamu. "Basi usikitoe hicho kidole, baba, mpaka mpira mpya ufike."