Kucha za Chuma za Baba Sekela

"Usizibane! Nenda Nakonde ukanunue mpya!"

"Mpya za nini, mama? Hizi ni nzima. Tatizo kubwa, zinanichomoka kila nikigusa nyuzi."

Sekela alikuwa ameshika plaizi. Mezani zilikuwepo kucha tatu za chuma alizovaa marehemu baba yake vidoleni, akipiga gitaa la kulaza mapajani kwenye kwaya yetu ya Ihanda. Ncha zilizolika Sekela alishazipiga msasa. Kesho angepiga yeye, mahali pa baba yake.

"Wewe mwenyewe unatupa hata sufuria iliyolegea mshikio," alisema. "Leo unazionea huruma kucha?"

Nikaivaa moja. Ilizunguka kidoleni mwangu. Baba Sekela alikuwa na vidole vinene vya kuchuma kahawa, na chuma kilikuwa bado kimeshika unene ule ule. Nikiingiza kidole, ilikuwa kama ananishika mkono tukitoka kanisani.

Plaizi ikibana, unene ule haurudi.

"Mama, kwaya inanisubiri mazoezini."

Nikaivua. "Lete kidole."

Nikamvalisha, nikamnyang'anya plaizi, nikabana mwenyewe mpaka akasema inatosha.