Mama wa Redioni

Mzee Andongwisye alikohoa mara moja tu, na jikoni kwa mwanawe Jofrey chungu kikaachwa kinachemka peke yake. Mkwewe Tusekile, mke wa Jofrey, alikwishatoka kwa mlango wa nyuma. Ndivyo Wandali walivyolelewa: mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Katika ndoa yote ile, adabu hiyo ndiyo pekee mzee aliyoiona ya maana.

"Baba," Jofrey akaanza, "fomu za uenyekiti wa kijiji mwisho kesho. Mwenzangu anaomba ruhusa yako agombee."

Mzee alicheka puani. "Mwanamke asiyejua hata kunisalimia, akasimame mbele za watu? Kura za nyumba hii ni za mwenyekiti wetu Osward."

"Osward mhuri wa kijiji anaubeba hadi kilabuni, baba."

"Mlevi, lakini wa chama chetu. Nimemaliza."

Katika ukoo ule, mzee akishasema hapana, hakuna aliyegombea hata ukarani wa kwaya.

Mzee aliwadharau karibu watu wote wa Igamba. Waliohudhuria mikutano ya kila chama aliwaita mbwa wa sokoni, wanaonusa kila kibanda. Waliouliza maswali mikutanoni aliwadharau zaidi. Mzee alimheshimu binadamu mmoja tu, ambaye hakuwahi kumwona: yule mama wa redioni, aliyechambua sera za vyama kila Alhamisi alasiri kutoka Tunduma. Mtangazaji alimwita Mama Mpigakura, basi. Mwanzoni mzee alimsikiliza apate kumtukana vizuri. Siku hizi akianza kusema, mzee aliacha hata kuchambua maharage.

Alasiri ya siku ileile, Alhamisi, alimwita Jofrey waketi pamoja.

"Hawa wanataka ushuru wa mazao upunguzwe," sauti ilikuwa ikisema, bila papara. "Wale wanasema ushuru ukipunguzwa zahanati haiezekwi. Wote wana hoja. Wasikilizeni wote, kisha mjiulize: mwenyekiti wenu aliwasomea lini mapato na matumizi?"

Mzee akajiuliza. Osward hakuwahi kusoma chochote mbele yao. Mzee aliona aibu, na aibu ilimchukiza kwa sababu hakuizoea.

"Huyo ndiye mtu," akasema. "Angekuwa wa hapa kwetu ningempa kura, hata angekuja na chama cha nani. Kamwite mkeo asikie mwanamke mwenye akili anavyoongea."

Jofrey alitazama chini. "Hayupo, baba. Alhamisi huwa anakwenda Tunduma."

"Kuzurura," mzee akasema, akaongeza sauti ya redio.

Mtangazaji alikuwa akimuuliza mgeni wake mbona yeye mwenyewe hagombei kijijini kwao, na fomu mwisho ni kesho.

"Baba mkwe wangu amekataa leo asubuhi," sauti ikasema. "Anasema mwanamke asiyejua hata kumsalimia hawezi kusimama mbele za watu."