Mwanamke wa Kwenye Dashibodi

"Nikibonyeza hapa, mama, hii sauti inazimika kabisa," alisema fundi aliyekuja kufunga betri mpya.

Mkunga mstaafu alishtuka. Tangu anunue hilo gari kuukuu la kutoka ng'ambo, kila akiliwasha sauti ya mwanamke ilimwambia maneno laini ya kigeni. Naye aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akampa habari zake zote hadi sokoni. Nyumbani hakuwa na wa kuongea naye.

"Kwani anasemaje?"

Fundi alijikuna kichwa. "Magari haya nimeyazoea. Anasema kadi haijaingizwa. Ile ya kulipia barabara za kwao."

Mkunga alikitazama kijitundu kitupu chini ya redio, chenye vumbi. Akaangua kicheko hadi machozi yakamtoka.

"Maskini! Mwenzangu anaomba kadi, mimi namweleza habari za goti langu!"

"Basi nimzime?"

"Ukome!"

Akausukuma mkono wa fundi kando, akatoa pochini kitambulisho chake cha zamani cha kazi, akakijaribu tunduni. Kikaingia.

Akawasha gari. Yule mwanamke akatamka maneno mengine kabisa, marefu kuliko yote.

"Umesikia?" mkunga akasema, akifunga mkanda. "Leo ana mengi."