Ukucha wa Mwenyekiti

Wewe ukishindwa, huwa unamtafuta nani wa kumlaumu? Kobe alimpata Kanga.

Kobe, mwenyekiti wa Chama cha Mwendo Mpya, alikuwa ameangushwa na Ngiri kwa kura moja tu. Huko nje, waliomtukana Ngiri mwezi mzima walishavaa fulana zake na kudai walikuwa naye tangu mwanzo. Ndani ya ofisi ya chama, Kobe alikuwa akimfukuza katibu wake.

"Kuna msaliti hakupiga kura," alifoka. "Na ni wewe, Kanga! Siku ya kura ulionekana sokoni."

Kanga, aliyeiendesha kampeni ile mpaka manyoya yakampukutika, aliweka mguu juu ya meza. Ukucha ulikuwa umekolea wino wa kituo cha kupigia kura.

Kobe akakohoa, akawageukia wajumbe wengine waliokuwamo. "Basi ni mwingine. Kila mmoja aonyeshe ukucha!"

Sungura akaonyesha. Nungunungu akaonyesha. Pimbi akaonyesha na kuupuliza, kama aliyetoka kupakwa hina. Zote zilikuwa na wino.

"Bado wewe, Mwenyekiti," alisema Kanga.

Papo hapo Kobe akavuta miguu yote minne ndani ya gamba, na kichwa kikafuata.

"Hodi, Mheshimiwa!" Pimbi aligonga gamba. "Tunaomba mguu mmoja tu. Hiyo mingine baki nayo."

"Kuna baridi huko."

"Jua la saa saba hili, mzee wangu!"

Mwishowe sauti ikatoka gambani, ndogo kuliko ile ya mikutanoni.

"Foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa sijamaliza kuandika hotuba ya ushindi. Sikupiga kura."